Jua la Upande wa Pili

Gunnvor hakuwa na wivu wa mume. Torleiv wake angeweza kucheza dansi na wanawake wote wa ghuba yetu, na yeye asigeuze hata shingo. Wivu wake ulikuwa wa jua.

Najua ni jambo la kuchekesha. Lakini ghuba yetu ni nyembamba, milima imeibana huku na huku, na Mungu alipoipanga aliuacha upande mmoja utazame kusini na upande mwingine ukae mgongoni mwa mlima. Wale wa kule ni watu wa Juani, na sisi ni watu wa Kivulini. Huku kaskazini ya mbali, jua likituaga mwishoni mwa Novemba halichomozi tena kwa miezi miwili, na tunalikosa sote, hakuna mkubwa wala mdogo. Taabu ni wakati wa kurudi. Mwisho wa Januari linachungulia juu ya mlima na kugusa mapaa ya Juani, na sisi tunabaki wiki kadhaa zaidi, tumekaa gizani tukitazama wenzetu wakiota jua.

Na nyumba ya kwanza kuguswa, ile nyeupe yenye ghala jekundu, ndiyo nyumba aliyozaliwa Gunnvor.

Alizaliwa humo, ila si yake. Kwetu shamba halikatwi vipande. Analichukua mtoto wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, na wengine wanapewa baraka na vijiko vya fedha. Dada yake, Aslaug, alimtangulia duniani kwa mwaka mmoja na ushei.

"Mwaka mmoja!" Gunnvor alikuwa akiniambia tukifuma soksi. "Mimi nilichelewa njiani kidogo tu, mwenzangu karithi ng'ombe, karithi ghala, karithi mpaka jua."

Halafu akaolewa Kivulini, jirani na mimi, katika nyumba ambayo dirisha lake la jikoni linatazama ng'ambo moja kwa moja. Kila akiosha vyombo, nyumba ya baba yake hiyo hapo mbele ya macho.

Sasa, Gunnvor alikuwa mtu wa kuzama. Tangu usichana wake, majira ya giza yakiingia na yeye anaingia. Hana hamu ya kula, halali vizuri, akiamka anakuwa mzito kama sweta lililotolewa majini. Hakupenda kulisema. Lakini alijifunza kujiokoa kidogo kidogo, mwaka huu hili, mwaka ule lile. Saa ya mchana ule mwanga wa buluu unapopita, alikuwa nje, hata kama theluji inapiga ubavuni. Anakwenda mpaka kanisani na kurudi. Alipasua kuni mwenyewe, ingawa nyumba ina umeme wa kutosha. Kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila asubuhi, na Januari samaki aliyechemshwa na ini lake na mayai yake, sufuria nzima. Kile kiti kirefu cha jikoni, cha kujinyoosha, alimwamuru Torleiv akijaze kuni kuanzia Novemba, ili mtu asipate pa kulala mchana.

"Kwa hiyo na mimi nisilale?" Torleiv akauliza.

"Wewe lala juu ya kuni."

Na Jumanne jioni alikuja kwangu kufuma, yeye na wengine, apende asipende. Sala pia. Siku moja aliniambia kwamba majira ya giza sala zake zinaishia darini. Nikamwambia, basi mwachie Mungu atazichukua hapo hapo darini, hana uvivu wa kuinama.

Aslaug hakuwa na habari na mambo hayo. Alikuwa mtu wa kicheko, mwenye kifua kipana na mashavu mekundu, na hata alipofiwa na mumewe, Edvard, alilia kwa sauti msibani kisha akainuka akahudumia wageni kahawa. Akimwona mdogo wake na fimbo zake za kutembelea kwenye barafu, alimtania mbele za watu. "Huzuni ya majira? Huo ni uvivu uliovaa soksi!"

Watu wakacheka. Gunnvor naye akacheka, akaja kunywea machungu kwangu.

Siku ya Jua ndiyo ilimmaliza zaidi. Jua likishagusa kizingiti cha nyumba ile, Aslaug anatundika kitambaa cha njano cha mama yao kwenye ukingo wa baraza. Kinaonekana ghuba nzima. Maana yake maandazi ya jua yako tayari, yale ya mviringo yenye jamu nyekundu tumboni, na watu wa pande zote mbili wanakwenda. Gunnvor alikwenda kila mwaka, akala moja, akasifu, akarudi nyumbani na uso wa kijivu.

"Mke wangu," Torleiv alimwambia, "ulikwenda kula maandazi au kula moyo wako?"

Hayo yote alikuwa ameyazoea. Lakini msimu huu ninaousimulia aliletewa jipya. Aslaug alipangisha ile nyumba ndogo ya uani, wanayohamia wazee wakishakabidhi shamba, kwa mwanamke mmoja kutoka kusini, jina lake Benedikte. Nywele fupi, sauti kama kengele. Akamfundisha Aslaug kuoga baharini kwenye baridi. Oktoba ile yote, wanawake wawili wazima walikuwa wakiingia majini asubuhi na kupiga mayowe, na maji yanabeba sauti, yanaileta mpaka jikoni kwa Gunnvor.

"Wasikie! Kama shakwe wanaogombania utumbo." Alikuwa amesimama dirishani, kitambaa cha vyombo begani. "Mimi ndugu yake wa tumbo moja, amewahi kunialika kuoga?"

"Ungekwenda?" Torleiv akamuuliza.

"Nikafanye nini, nife? Siendi! Lakini angenialika."

Basi jua likaondoka, giza likakaa. Na hapa niseme jambo moja. Majira ya giza hatufungi mapazia. Kila dirisha lina taa, na kwa taa hizo tunajuliana hali. Taa ya bibi fulani ikiwaka mapema, ameamka mzima. Ikichelewa, mtu anavaa viatu akaulize. Kwa hiyo baada ya mwaka mpya Gunnvor alipoanza kuisoma nyumba ya dada yake, alikuwa akifanya tunalofanya sote. Ila yeye alisoma kwa jicho la wivu.

Taa ya jikoni ya nyumba kubwa ilikuwa haiwaki. Kisha pazia likafungwa. Lakini taa ya nyumba ndogo iliwaka kila siku, asubuhi na jioni, haikosi.

"Amehamia kwa yule," Gunnvor akaniambia Jumanne, hafumi, sindano zimelala mapajani. "Nyumba ya baba ameiacha gizani, yuko kwa rafiki yake wanakunywa kahawa. Na pazia kalifunga upande wetu. Umewahi kuona? Upande wetu!"

"Mpigie simu."

"Mimi? Yeye ndiye mkubwa. Mkubwa ndiye anayepiga."

Torleiv, kwa siri, alimwandikia shemeji yake ujumbe. Jibu likaja: Niko salama, nimechoka tu. Akamwonyesha mkewe akidhani anatuliza mambo.

"Amechoka kwa kucheka," Gunnvor akasema.

Na nilimwona akianza kuzama kuliko miaka mingine. Alikatisha matembezi ya mchana, kwa sababu njia ya kanisani inatazama ng'ambo na hakutaka kuiona taa ile. Kuni za kwenye kiti kirefu zikapungua, Torleiv akazitia motoni, hazikurudishwa nyingine. Niliingia mchana mmoja nikamkuta amelala pale, uso ukutani. Sikumhubiria. Nilimfunika miguu, nikarudi kwangu nikapiga magoti.

Siku ya Jua ikafika, mbingu safi kama kioo. Tulitoka wote kutazama. Mstari mwembamba wa dhahabu ukashuka mlimani kule ng'ambo, ukagusa paa, ukagusa dirisha. Pazia limefungwa. Tukangoja kitambaa cha njano. Hakikutundikwa. Watu wa Juani wenyewe walidhani Aslaug alikwenda kusini na Benedikte kwa Krismasi na hawajarudi, maana ng'ombe alikuwa amewakabidhi kwa jirani tangu afiwe na mumewe. Hayo tuliyajua baadaye. Sisi wa Kivulini tulitazamana, tukaingia ndani. Gunnvor alibaki nje mpaka mstari ule ukazimika.

Kesho yake asubuhi nikasikia harufu ya mafuta ya kukaangia inatoka kwake. Nikavaa koti nikakimbilia huko.

"Gunnvor, unafanya nini?"

"Maandazi ya jua."

"Kwetu halijafika!"

Nilishtuka kweli. Kula maandazi ya jua kabla jua halijagusa kizingiti chako ni sawa na kula sikukuu kabla ya mwezi kuandama. Lakini yeye alikuwa amekunja mikono ya sweta, uso umemwiva kwa moto, anayageuza maandazi moja moja kama anayachapa.

"Nampelekea," akasema. "Namkuta hapo hapo kwa huyo Benedikte wake, nawawekea mezani. Namwambia, dada, naona mwaka huu unga ulikuishia, nikaona nikusaidie. Basi. Nageuka, natoka. Na wewe unakuja."

"Mimi kwa nini?"

"Ushahidi."

Torleiv akanikonyeza niende. Yeye alikuwa na furaha kwamba mkewe ameinuka kwenye kiti, hata kama aliyemwinua ni shetani wa wivu.

Tukazunguka kichwa cha ghuba kwa gari, barafu barabarani, Gunnvor anaendesha kama anayechelewa mazishi. Nililipakata sanduku la maandazi mapajani, la moto, na midomo yangu inasali. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake. Mara aseme kwa upole, mara kwa kicheko, mara kwa sauti ya baridi. Ile ya baridi aliipenda zaidi.

"Hiyo itamwingia," akasema.

Tukaegesha uani. Taa ya nyumba ndogo inawaka. Gunnvor akachukua sanduku, akaenda moja kwa moja mlangoni akagonga. Kimya. Akagonga tena. Na hapo hapo, mbele ya macho yetu, taa ikazimika.

"Umeona!" akapaza sauti. "Ametuona, amezima! Wamejificha! Aslaug! Toka nje!"

Lakini mimi nilikuwa nikitazama chini. Theluji ya mlangoni ilikuwa laini, imetufika magotini, na nyayo zilizokuwapo zilikuwa zetu wawili tu. Nikasogea dirishani, nikapangusa kioo kwa kiganja. Mle ndani kitanda kimetandikwa, maua ya chunguni yamekauka yameinamisha vichwa. Na taa ile waya wake ulikwenda kwenye saa ndogo ya ukutani, zile saa za kuwasha na kuzima taa mtu akisafiri, wezi wadhani yupo.

"Gunnvor," nikamwambia, "humu hamna mtu."

Akaja akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akageuka kuitazama nyumba kubwa, lile pazia lililofungwa, bomba la moshi lisilo na moshi, na nikaona rangi inamtoka.

Alikimbia. Mwanamke wa umri wake, juu ya barafu, na sanduku la maandazi.

Mlango haukuwa umefungwa. Jikoni kulikuwa baridi, jiko limekufa. Aslaug alikuwa amelala kwenye kiti kirefu kama kile kile cha Gunnvor, amejifunika koti la Edvard, nywele zimeshikana. Mezani vikombe, na mkate uliokuwa jiwe. Alifungua macho.

"Ni wewe?"

Maneno yote ya gari yakampotea Gunnvor. "Ni mimi. Nimekuletea maandazi."

"Kivulini limefika?"

"Bado."

"Na umekaanga?"

"Nimekaanga."

Aslaug akafumba macho. "Mama angekuchapa."

Gunnvor akakaa pembeni ya kiti, sanduku bado mikononi. Mimi nikaanza kushughulika na jiko, maana nilihisi si mahali pa kusimama tu.

"Rafiki yako yuko wapi?"

"Alikwenda kwao kabla ya Krismasi. Giza lilimshinda. Akasema atarudi jua likirudi."

"Jua limerudi. Mbona umefunga pazia?"

"Jana liliingia kwenye upenyo, likakaa kwenye kiti cha Edvard. Likakaa tu pale. Nikaona bora nisilione."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikuambie nini, Gunnvor? Mimi niliyekucheka miaka yote?" Akavuta koti mpaka kidevuni. "Kabla sijalifunga hilo pazia nilikuwa natazama taa yako. Kila asubuhi. Nikasema, yule ana mtu wa kugombana naye kabla ya kahawa. Nilikuonea wivu, mdogo wangu. Nilikuonea wivu mpaka nikashindwa kuitazama."

Jiko likashika moto. Nilimtazama Gunnvor, na Mungu anisamehe nikisema uongo, lakini niliona uso wake unang'aa. Machozi yanamtoka na uso unang'aa.

"Wewe?" akasema. "Unionee wivu mimi?"

"Ndiyo."

"Hebu rudia."

"Nimekwisha sema."

"Rudia, jirani asikie vizuri."

"Nimesikia," nikasema.

Basi Gunnvor akajifuta kwa mkono wa sweta, akasimama, akavuta pazia. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda ukingo wa mlima. Likaingia mpaka kwenye kile kiti cha Edvard, jekundu na dogo kama moto wa ndani ya tanuri.

"Inuka."

"Sitaki."

"Sikukuuliza kama unataka. Kutaka kunakuja baadaye, ukishavaa viatu. Nyoosha mguu."

Alimvalisha soksi za sufi kama mtoto. Soksi hizo, nikazitambua, alizifuma yeye mwenyewe kwangu na kumpa dada yake Krismasi moja ya zamani. Zilikuwa mpya kabisa, hazijavaliwa. Gunnvor naye alizitambua. Nikaona kijicho kinataka kurudi. Lakini akamfunga viatu.

Tukamtoa kizingitini, mmoja kila upande. Alisimama amefumba macho, uso juani, anatetemeka. Jua lilikaa muda wa mtu kunywa kikombe kimoja, likazama. Aslaug alikula nusu andazi. Nusu nyingine akala Gunnvor, kabla ya jua lake, na ardhi haikufunguka kummeza.

Tangu siku ile alizunguka kichwa cha ghuba kila mchana. Alimpeleka kwa daktari pia, kwa kuwa nilimwambia, na Torleiv akamwambia, kwamba huzuni nyingine haitibiwi kwa matembezi peke yake. Daktari alimsikiliza Aslaug kwa utulivu, akasema mwanga na miguu na watu ni vizuri, waendelee, lakini arudi amwone tena, na akarudi. Kiti kirefu cha Aslaug nacho kikajazwa kuni. Mafuta ya ini aliyameza kwa kukunja uso.

"Miaka yote unakunywa hii takataka?"

"Miaka yote. Na wewe ulikuwa unakula keki. Meza."

Walitembea ufukweni, fimbo mkononi, hawasemi mengi. Kusema mengi kulikuja polepole. Na usidhani wivu ulikwisha. Watu wa Juani walipojua kilichotokea waliona aibu, wakaanza kuleta. Huyu samaki, huyu supu, huyu keki. Gunnvor alikuja kwangu Jumanne amevimba.

"Mimi nimezama kila mwaka tangu nina akili. Nani aliniletea hata mkia wa samaki?"

"Ulimwambia nani?" nikamuuliza.

Akafuma mstari mzima. Alipofika mwisho akaufumua, ulikuwa umekosewa.

Jua lilipofika Kivulini, Gunnvor alikaanga tena, safari hii kwa haki. Torleiv akavuka na mashua akamleta shemeji yake. Aslaug alishuka gatini amekonda, lakini nywele zimesukwa, akapanda ngazi za baraza, akafungua koti. Alikuwa amejizungushia kitambaa cha njano cha mama yao. Akakifunga kwenye ukingo wa baraza la Gunnvor, mafundo mawili, bila kumtazama mtu.

Hakijawahi kuonekana kitambaa upande wetu. Watu wakaja, wa pande zote mbili, kwa magari na kwa mashua, uwanja ukajaa. Na wote, kila aliyeingia, "Aslaug, umependeza!" "Aslaug, Mungu mkubwa!" "Aslaug, mashavu yamerudi!" Gunnvor yuko jikoni na mafuta yake, anasikia. Nikaingia kuchukua sinia.

"Maandazi yangu, baraza langu, jua langu," akasema kwa kunong'ona, "na anayesifiwa ni yeye."

"Nikuletee kiti ukae naye nje?"

"Niache. Yataungua."

Jioni mashua ikawa tayari. Aslaug akaanza kufungua fundo la kwanza. Gunnvor akatoka jikoni, mikono ina unga, akashika ncha ya pili.

"Kiache."

"Ni cha shamba hiki."

"Shamba chukua. Ng'ombe chukua, ghala chukua. Hiki kiache."

"Na mwakani nitatundika nini, sketi yangu?"

"Mwakani utakuja kukichukua. Novemba, kabla halijapotea, uje ukione kama kipo. Na Desemba uje uone kama panya hawajakila. Januari ndipo nikupe."

Aslaug akavuta kidogo. "Na ukikichafua?"

"Utakuja kukifua."

"Unadhani mimi mtumishi wako?"

"Wewe ndiye mkubwa. Mkubwa ndiye anayekuja!"

"Jamani, kitapasuka!" Torleiv akapiga kelele kutoka gatini.

Hawakumsikia. Walikuwa wameshika kila mtu ncha yake, mashavu mekundu wote wawili, wanarushiana ya utotoni, nani alimwaga maziwa, nani alipewa sleji mpya ya kutelezea thelujini. Nikaketi kwenye ngazi na andazi langu, nikamshukuru Mungu, nikala.